Msimamizi Aliyekaa Kwenye Kiti Changu

Nitamwita Msimamizi, maana ndivyo tulivyomwita kazini, sokoni na hata msibani. Jina lake nalijua. Nimelisoma miaka mitatu kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake, lakini hapa siliandiki. Nikiliandika nitaanza kumtukana kwa jina, nami nataka kumwandika kwa haki. Hasira ninayo, sitaificha, ila iwe hasira yenye haki.

Habari yenyewe ni hii. Nilikuwa nafanya kazi ya kompyuta hapa Kibiti, kwenye kampuni kubwa ya teknolojia ya ng'ambo, kubwa kiasi kwamba hatukuwahi kumwona mwenyewe. Mwanangu Zuhra alipofikisha miezi mitano, nikawasha kompyuta asubuhi nikakuta akaunti yangu imefungwa. Sababu: ubora hafifu. Mimi! Mimi niliyekuwa nakaguliwa picha zangu mwezi mzima bila kurudishiwa hata moja. Baadaye ofisi ikavunjwa, wenzangu wakapewa kazi ya kufanyia majumbani, mimi nikabaki nakaanga mihogo barazani. Nilipoandika kuomba nirudishwe, nikajibiwa kuwa akaunti iliyofungwa inafunguliwa kwa kitu kimoja tu: maelezo ya maandishi ya msimamizi wa wakati ule.

Kwa hiyo kazi yangu, na mwanangu mgongoni, vikawa mikononi mwa mwanamke mmoja. Na mwanamke huyo ndiye niliyeamini kuwa alinichongea.

Hebu niseme kwanza kazi ilikuwaje, maana ukiwaambia watu ulikuwa unafanya kazi ya kompyuta wanadhani ulikuwa unachapa barua za wilayani. Tulikuwa tunaifundisha mashine kuona. Zinaletwa picha zilizopigwa kutoka juu angani: mashamba, mito, mapaa. Wewe unachora boksi kuzunguka kila nyumba, picha baada ya picha, mpaka mashine ijue yenyewe nyumba inafananaje. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na feni moja iliyokuwa ikikataa kugeuka upande wa kulia.

Msimamizi alikuwa wa kwanza kufika. Ukiingia unamkuta anafuta vitufe vya kompyuta moja baada ya nyingine kwa ncha ya kanga yake, huku anasoma dua taratibu. Viatu vilivuliwa mlangoni. Hiyo haikuwa kanuni ya kampuni, ilikuwa yake. Siku moja alikuja bosi kutoka Dar, kijana mwenye suruali iliyombana, akasimama mlangoni akisubiri kukaribishwa. Msimamizi akamwangalia miguuni.

"Baba, karibu. Viatu."

"Ah, mimi sikai sana, mama."

"Hata asiyekaa sana ana nyayo."

Akavua. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba chote nje. Alitembea ofisi nzima akizungumzia malengo ya mwaka na kile kidole, nasi tumeinamia skrini mabega yanatutetemeka. Alipoondoka tulidhani Msimamizi atacheka nasi. Wapi. Akasema, "Mnacheka mgeni? Nani kati yenu soksi anazo?"

Kabla ya kazi hiyo alikuwa akisajili laini za simu chini ya mwavuli pale stendi. Miaka mingi juani, na kile kimashine cha alama za vidole mapajani. Ndiyo maana alimjua kila mtu. "Vidole vya Kibiti nzima nimevishika," alikuwa akisema, na kweli. Mkimtaja mwanamume fulani, atawaambia: huyo ana kovu kidole cha shahada, alama yake ilikataa mara nne. Waliotafuta watu wa kuanzisha ofisi walimkuta pale pale chini ya mwavuli, anagombana na mtu kuhusu kitambulisho, wakapenda jinsi asivyokubali kuburuzwa. Hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Tatu, mwenzetu aliyekaa kiti cha dirishani, alisema walimpenda kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na mwavuli mzima.

Alikuwa mtiifu kwa kampuni mpaka inakera. Mwaka mmoja walituletea zawadi, boksi zima, kwa ajili ya kile walichokiita kuthamini familia yetu ya kazi. Tukafungua kwa vigelegele. Makoti ya baridi! Mazito, yana kofia, yana manyoya ndani. Kibiti hii, mwezi wa pili! Sisi tuliwapelekea waume zetu, wengine wakafunika injini za pikipiki. Yeye alilivaa Ijumaa nzima, zipu mpaka shingoni, kwa sababu kulikuwa na kikao cha mtandaoni na wazungu wangeona. Jasho linamchuruzika, anaitikia kwa kichwa kila wanalosema. Kikao kilipokwisha akalivua, akalikunja vizuri, akasema, "Wana nia njema. Hawana akili, ila nia wanayo."

Huyo ndiye mtu niliyemjua: leo anawatetea, kesho anawasema, siku ya tatu anakukaripia wewe ukiwasema.

Kuna neno lake tulilolibeba mpaka majumbani. Siku Tatu alipopewa talaka kwa meseji, alikuwa kazini. Simu ililia, akasoma, kisha akaanza kulia kwa kelele. Msimamizi akaja, akachukua simu, akasoma meseji yote polepole, akairudisha.

"Umebakiza picha ngapi?"

"Kumi na tisa," Tatu akajibu kwa kwikwi.

"Maliza, kisha lia."

Tulimchukia. Nakumbuka nilimwangalia mgongo nikasema moyoni, huyu hakuzaliwa na mwanamke. Tatu akamaliza zile kumi na tisa, kamasi zinamtoka. Alipobonyeza ya mwisho, Msimamizi akafunga mlango wa ofisi kwa komeo, saa nane mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaketi chini sakafuni akampakata Tatu kama mtoto. Akalia yeye kuliko Tatu. Ikafika mahali Tatu ndiye anambembeleza. "Basi mama, mwanamume mwenyewe alikuwa anakoroma." Tukacheka sote na machozi.

Mpaka leo mwanangu akianguka najisikia nikitaka kumwambia: maliza, kisha lia. Halafu najikemea.

Sasa nifike kwenye viti. Mashine ilikuwa inatuchunga. Ukiacha kugusa kompyuta dakika tano, jina lako linakuwa jekundu huko waliko wao. Mkataba ulisema akaunti ni ya mtu mmoja, haiguswi na mwingine, na Msimamizi mwenyewe aliiandika kanuni hiyo kwa kalamu nene akaibandika ukutani. Lakini kuna swala. Adhuhuri inaingia, alasiri inaingia, na sisi ni watu wa swala. Basi tulikuwa na utaratibu wetu ambao haukuandikwa ukutani: wasioswali siku hizo, kwa mambo yetu ya kike, ndio wanaoshika viti vya wanaoswali. Mmoja anaweza kushika viti vitatu, anaruka huku anaruka kule, anachora boksi kwa majina ya watu. Kijana wa Dar aliwahi kuuliza kwenye kikao mbona kasi yetu inashuka kidogo mchana halafu inarudi. Msimamizi akamjibu, "Ni joto." Kijana akaandika: joto.

Nilipojifungua nikarudi kazini mapema kuliko nilivyotaka. Mama mkwe alikuwa akimleta Zuhra mara mbili kwa siku, nami namnyonyesha stoo, katikati ya mabati na makopo ya rangi. Na aliyekuwa anashika kiti changu kila alasiri ni Msimamizi mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Siku ya kwanza alikuja akanigusa bega.

"Inuka. Mtoto analia, na wewe unatuchafulia sauti ya ofisi."

"Na kanuni?"

"Kanuni ninayo mimi. Nenda."

Nilikuwa nikimwona kwa ufa wa mlango wa stoo. Alikaa wima kwenye kiti changu, miwani imeshuka puani, anachora boksi taratibu kama mtu anayepasua samaki mwenye miiba. Nikafikiri, mtu huyu ananipenda. Sijui kama nimewahi kumfikiria hivyo mama yangu. Ndiyo maana akaunti ilipofungwa niliumia mara mbili. Nilisema ni yeye tu aliyekuwa akiwaandikia wakubwa, na alijua sikuwa kitini. Amenipa dakika zile kwa mkono wa kulia, akaniandika kwa wa kushoto.

Kuna jambo lingine lazima lielezwe hapo. Miezi ile zililetwa picha za delta, mto unapogawanyika kuingia baharini, za huku kwetu. Tulishangilia. Watu wanaoneshana mito, huyu anasema hapa ni kwa shangazi yangu, yule anasema pale nilianguka kwenye mtumbwi. Lakini likazuka tatizo la madungu. Wa kwetu wanajua: msimu wa mpunga familia nzima inahamia shambani, inakaa juu ya dungu, kijumba cha miti na makuti kilichosimama kwa miguu mirefu, mpaka mavuno. Mnapika humo, mnalala humo, watoto wanazaliwa humo. Sote kumi na mmoja, bila hata kuulizana, tuliyawekea boksi. Nyumba. Nani angefikiria vingine?

Zikarudi zote zimekataliwa. Kitabu cha mwongozo kilisema nyumba ni jengo lenye msingi ardhini, linalokaliwa mwaka mzima. Mkaguzi huko aliko akaandika kuwa tunachora boksi kwenye vichanja vya kuanikia.

"Vichanja!" Tatu akapiga kelele. "Mimi nimevunja ungo na kupoteza ubikira wangu juu ya kichanja!"

Msimamizi hakucheka. Alisoma ule ujumbe amesimama, akausoma tena. Kisha akasema, "Futeni."

"Tufute?"

"Futeni yote. Kuanzia sasa dungu si nyumba. Anayetaka kubishana akabishane na mumewe."

Tukafuta. Nami nilifuta, nakiri, bila kupepesa jicho. Nimekulia kwenye dungu kila masika mpaka darasa la saba, na nililifuta kama mtu anayefuta makombo mezani. Nilikuwa na mtoto. Nilitaka alama zangu za ubora.

Nilikwenda kumtafuta mwaka huu, mpunga ukiwa umeanza kuiva. Nilisikia yuko pande za Mbwera, analima shamba la marehemu kaka yake huku akingoja kampuni imwite tena. Nikapanda boti Nyamisati, Zuhra mgongoni, na maneno yangu nimeyapanga toka Kibiti. Nilikuwa na moja zuri sana la kuanzia. Nilipofika shambani nikamwona juu ya dungu, kanga kichwani, anaamia ndege. Anavuta kamba iliyofungwa makopo, makopo yanagongana shamba zima, kwelea wanaruka kama vumbi, naye anapiga kelele za kuwafukuza kwa sauti ile ile aliyokuwa akitukaripia kwayo. Maneno yangu yakapotea.

"Hodi!"

"Karibu. Kanyaga pembeni, ngazi hiyo ina mti mmoja mbovu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama Zuhra. Umekonda."

"Nimekondeshwa."

Akacheka. Akampokea Zuhra kabla sijakaa, akamwangalia viganja. "Huyu vidole vyake vitasajilika," akasema, akaanza kumlisha wali wa nazi uliobaki kwenye sufuria. Mtoto ambaye kwangu anakula kwa vita akafungua kinywa kama kinda.

Nikamwambia sikuja kucheka. Nikamweleza yote: akaunti, mihogo, barua waliyoijibu. Kisha nikamuuliza kilichokuwa kinanichoma mwaka mzima.

"Uliniandika kuwa nanyonyesha saa za kazi?"

Tonge likasimama hewani. "We binti! Nikuandike, halafu nikakae kwenye kiti chako?"

"Basi nani aliniharibia?"

Ndege wakashuka upande wa mtoni. Akainuka, akavuta kamba, akapiga kelele, akakaa tena. Alichukua muda mrefu kuliko ndege walivyohitaji.

"Ni mimi," akasema. "Lakini si hivyo."

Akaniambia. Alipokuwa akikaa kwenye kiti changu alasiri, picha za delta zilikuwa zinakuja, na madungu ndani yake. Siku ya kwanza aliyapita. Siku ya pili akaona moja lina moshi, akajua kuna mtu anapika. Akaliwekea boksi. Akajiambia ni hilo tu. Kesho yake akaweka matatu, na baada ya hapo hakuhesabu tena.

"Walituambia ramani ile ni ya kujua watu wako wapi," akasema. "Mto ukifurika watatafuta watu kwa ramani ile. Wewe unajua mto unavyofurika. Niwafuteje?"

"Uliweka kwa jina langu."

"Kwa jina lako."

"Ungeweka kwa lako!"

"Msimamizi hana akaunti ya picha. Unajua hilo."

"Na sisi ulitwambia tufute! Ulisimama mbele yetu!"

"Niliwaambia mfute ili msifukuzwe."

"Nikafukuzwa mimi niliyefuta!"

Zuhra akashtuka, akatutazama mmoja mmoja. Nilikuwa nimesimama, kichwa kinagusa makuti. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia alinitumia. Nilimwambia bora angenichongea, ningemchukia nikalala. Hakunikatiza. Nilipoishiwa pumzi nikamuuliza, na ulipoona wamenifungia, ulikuwa wapi?

"Palepale mezani." Akamfuta mtoto mdomo. "Niliogopa, mwanangu. Nilifikiria ule mwavuli. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu zikapita."

Sijui ningefanya nini kama angejitetea. Hakujitetea. Nikakaa. Nikampa simu yangu, nikamfungulia pale panapotakiwa maelezo. Juu ya dungu mtandao ulikuwa unashika, chini haupo.

"Ukiandika kuwa ulikalia akaunti yangu, hawatakuita tena kazini," nikamwambia. Sikutaka aseme baadaye hakujua.

"Kanuni ile ukutani iliandikwa na mkono wa nani?"

Akaandika kwa kidole kimoja, miwani puani. Akanirudishia nisome. Aliandika hivi: Boksi zile niliziweka mimi, si yeye. Yeye alikuwa ananyonyesha. Zile ni nyumba, watu wanakaa humo.

Nilisoma, na nitasema kweli, nilirudia kusoma. Halafu nikasoma swali lenyewe lililokuwa juu yake: eleza kosa lilitokeaje.

"Hii hawaikubali."

"Kwa nini?"

"Wanataka kosa. Ukisema ni nyumba unawaambia wao ndio wamekosea. Inasomwa na mashine, itairudisha, na hakuna nafasi ya pili."

Akageuza uso kutazama mpunga. Pembeni yake kulikuwa na godoro, chungu, mswaki kwenye kikombe, Kurani imefungwa kwenye kitambaa.

"Nimekaa ndani yake," akasema. "Wewe umekaa ndani yake. Mwanao keshajikojolea ndani yake. Niseme si nyumba?"

"Sema."

Neno lenyewe lilitoka haraka kuliko nilivyotaka. Alinitazama, si kwa ubaya, kama alivyokuwa akitazama alama ya kidole iliyokataa kusoma. Kisha akachukua simu. Niliona kidole chake kinafuta, herufi moja moja, mpaka sentensi ya mwisho ikaisha. Akaandika nyingine. Nilikosea. Si nyumba, ni vibanda vya muda.

"Hapo sawa?"

"Sawa."

"Basi tuma. Mimi siwezi."

Zuhra alikuwa amelala mapajani pake, mdomo wazi, ana punje ya wali shavuni. Kwelea walikuwa wameshashuka tena upande wa mtoni na hakuvuta kamba. Nikabonyeza. Nilibonyeza upesi, si kwa kuogopa kwamba yeye angebadili mawazo, bali mimi.